Ndama Anayeharisha: Maji Kwanza, Sindano Baadaye

Katika maboma mengi ya Molo, Kuresoi na Mau Narok, mvua ndefu huleta nyasi za kutosha kwa ng'ombe wa maziwa. Huleta pia baridi, matope zizini na ndama wanaoharisha. Ndama aliyekuwa akirukaruka jioni hukutwa asubuhi amejilaza kwenye kona, mkia umelowa kinyesi chepesi cha njano au cheupe, masikio yamelegea.

Hapo wafugaji wengi hufanya mambo mawili waliyoyazoea. Kwanza humnyima ndama maziwa na maji, wakiamini kwamba tumbo likikaa tupu kuharisha kutakoma. Pili hutuma mtu kwenye duka la agroveti akanunue sindano au vidonge. Ikifika jioni ndama hawezi kusimama. Siku ya pili amekufa, na watu wa boma husema ugonjwa ulikuwa mkali.

Mara nyingi ugonjwa haukuwa mkali kiasi hicho. Ndama alikauka. Viini vilivyoingia tumboni vilianzisha tatizo, lakini kilichomwua ni kupoteza maji na chumvi za mwili bila ya mtu kuzirudisha. Hasara yake si ndogo: mtamba akitunzwa vizuri huweza kuzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa takriban miaka miwili na nusu, na akifa akiwa na wiki moja, mfugaji hupoteza ng'ombe aliyetarajia amkamue kwa miaka mingi. Habari njema ni kwamba vinavyohitajika kumwokoa katika saa za kwanza hupatikana dukani na jikoni.

Jinsi ndama anavyokauka

Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa ndama mchanga ni maji. Utumbo wenye afya hunyonya maji kutoka kwa maziwa na kuyapeleka kwenye damu. Utumbo ulioshambuliwa hushindwa kunyonya, na wakati mwingine hugeuka na kuanza kumwaga maji ya mwili nje. Pamoja na maji hayo hutoka chumvi ambazo mwili hauwezi kuishi bila hizo: sodiamu, potasiamu na bikaboneti.

Kadiri chumvi hizo zinavyopotea, damu hupungua, huwa nzito na hujaa asidi. Moyo hulazimika kufanya kazi zaidi huku miguu na masikio yakipoa. Asidi ikizidi, ndama huzubaa, huacha kunyonya na huanguka.

Chukulia ndama wa Friesian mwenye kilo 40. Akipoteza asilimia 5 ya uzito wake, yaani lita 2 za maji, bado ataonekana karibu mzima. Akipoteza asilimia 8, ambazo ni lita 3 na kidogo, macho huingia ndani na nguvu humwishia. Akifika asilimia 10, yaani lita 4, huenda asiweze kusimama. Akipita asilimia 12, ambazo ni karibu lita 5, yuko mlangoni mwa kifo. Ukiyapima kwa mtungi wa lita tano, maji yote hayo hayazidi mtungi mmoja. Ndama anayeharisha sana anaweza kuyapoteza kwa siku moja au mbili tu. Ndiyo maana kusubiri mpaka kesho ni hatari.

Viini ni vingi, matibabu ya kwanza ni yale yale

Umri wa ndama husaidia kukisia chanzo. Katika siku nne za kwanza, bakteria wa aina ya E. coli ndio washukiwa wakuu. Kuanzia takriban siku ya tano hadi wiki ya tatu, virusi vya rota na korona vya ng'ombe, pamoja na kijidudu kiitwacho kriptosporidia, huonekana zaidi. Baada ya wiki tatu, koksidia huweza kuleta kuharisha kwenye damu. Salmonela hushambulia ndama wa umri wowote, mara nyingi ikiambatana na homa.

Kuna pia kuharisha kunakotokana na ulishaji: maziwa baridi, maziwa mengi kwa mkupuo mmoja, saa za kunywesha zinazobadilika kila siku, maziwa ya unga yaliyokorogwa bila kipimo, au ndoo isiyooshwa vizuri.

Mfugaji hana njia ya kujua kwa macho ni kiini kipi kilichoingia. Lakini hahitaji kujua ili aanze kumsaidia ndama. Chanzo chochote kiwe, maji na chumvi zinazopotea ni zile zile, na kuzirudisha ndiyo kazi ya kwanza.

Kupima bila mashine

Kuna vipimo vinne ambavyo mtu yeyote wa boma anaweza kuvifanya kwa dakika mbili.

Ngozi. Ngozi ya ubavuni mwa shingo ifinywe kwa vidole viwili, ivutwe, kisha iachiliwe. Kwa ndama mwenye maji ya kutosha hurudi mahali pake kabla ya sekunde mbili kupita. Ikichukua sekunde mbili hadi sita, ndama amekauka. Ikipita sita, amekauka vibaya.

Macho. Mboni ya ndama mzima hukaa sawa na kope zake. Ya ndama aliyekauka huzama, na pengo huonekana kati ya jicho na kope la chini.

Mdomo. Ufizi wa ndama mzima huwa na unyevu, ujoto na rangi ya waridi. Ufizi mkavu au unaonata ni dalili ya kukauka, na mdomo ulio baridi ndani ni dalili ya hatari. Kidole safi kikiingizwa mdomoni, ndama anapaswa kukinyonya kwa nguvu.

Miguu. Je, anasimama mwenyewe? Anasimama akisaidiwa? Au hawezi kabisa?

Majibu humweka ndama katika mojawapo ya makundi matatu. Anayesimama na kunyonya kidole kwa nguvu anaweza kutibiwa nyumbani kwa maji ya kunywa. Anayesimama kwa shida na kunyonya kwa ulegevu aanzishiwe maji mara moja huku afisa wa mifugo akiitwa. Aliyelala, mdomo baridi, asiyenyonya, anahitaji maji ya mshipani kutoka kwa mtaalamu, na anayahitaji saa hiyo.

Maji yenye chumvi na glukosi

Maji matupu hayatoshi, kwa sababu hayarudishi chumvi zilizopotea. Chumvi peke yake nayo haiingii vizuri. Ukuta wa utumbo una milango inayopitisha chumvi ya sodiamu na glukosi kwa pamoja, na vinapopita, maji huvifuata. Milango hiyo huendelea kufanya kazi hata utumbo unapokuwa mgonjwa. Hapo ndipo ilipo siri ya mchanganyiko huu, na ndiyo sababu hutumika pia kwa watoto wanaoharisha.

Bora zaidi ni pakiti za madini na glukosi zilizotengenezewa ndama, zinazouzwa katika maduka ya agroveti. Zikorogwe kwa maji kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, bila kuongeza wala kupunguza.

Pakiti zikikosekana, au duka likiwa mbali, mfugaji anaweza kuanza na mchanganyiko huu wa nyumbani:

- Maji safi yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hadi yawe vuguvugu: lita 2
- Chumvi ya mezani: kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa
- Bikaboneti ya soda, ile ya unga inayotumiwa kuokea: kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa
- Glukosi ya unga, inayouzwa madukani: vijiko 4 vikubwa vya mezani, vilivyosawazishwa

Bikaboneti hupunguza asidi kwenye damu. Isichukuliwe hamira mahali pake, wala magadi ya kuchemshia mboga au githeri. Sukari ya chai pia si badala nzuri ya glukosi: utumbo wa ndama mchanga hauna uwezo wa kuivunja sukari hiyo, na ikibaki tumboni bila kuvunjwa huvuta maji na kuzidisha kuharisha.

Chumvi isikadiriwe kwa kiganja. Ikizidi humdhuru ndama, hata kumwua. Pakiti za binadamu zinazotolewa katika zahanati au kuuzwa kwenye duka la dawa zinaweza kutumika kwa dharura zikikorogwa kwa kipimo cha pakiti, huku mfugaji akitafuta za ndama. Kila mara mchanganyiko uandaliwe upya, na uliobaki kutoka jana umwagwe.

Kiasi gani, na saa ngapi

Ndama wa kilo 40 aliyepoteza asilimia 8 anadaiwa lita 3 na kidogo. Juu ya deni hilo, bado anaharisha, kwa hivyo anaendelea kupoteza. Kwa sababu hiyo lita moja ya kuonja haimponyi. Kiasi kinachofaa kwa siku ya kwanza ni lita 2 za mchanganyiko mara tatu, mbali na maziwa yake.

Ratiba ya siku inaweza kuwa hivi:

- Saa kumi na mbili asubuhi: maziwa, lita 1 na nusu
- Saa tatu asubuhi: mchanganyiko, lita 2
- Saa saba mchana: maziwa, lita 1
- Saa kumi alasiri: mchanganyiko, lita 2
- Saa kumi na mbili jioni: maziwa, lita 1 na nusu
- Saa tatu usiku: mchanganyiko, lita 2

Ndama mdogo, kwa mfano wa Jersey mwenye kilo 25, apewe lita 1 na robo ya mchanganyiko kila mara, na maziwa yapunguzwe kwa kadiri hiyo. Siku ya pili vipimo vinne virudiwe. Macho yakiwa yamerudi mahali pake na ngozi inarudi haraka, mara mbili kwa siku zitatosha, mpaka kinyesi kianze kushikana.

Mchanganyiko na maziwa visitiwe kwenye chupa moja. Bikaboneti huzuia maziwa kuganda tumboni, na maziwa yasipoganda hayasagwi vizuri. Ndiyo maana ratiba huacha saa mbili hadi nne katikati. Ndama anayenyonya mamake aendelee kunyonya, na mchanganyiko apewe katikati ya nyakati hizo.

Maziwa yasikatwe

Hili ndilo kosa linalowaponza wengi. Ni kweli kwamba ndama akinyimwa maziwa kinyesi hupungua, kwa kuwa hakuna kinachoingia tumboni. Lakini mchanganyiko wa chumvi na glukosi una nguvu kidogo mno ya chakula. Ndama akiishi kwa huo peke yake kwa siku mbili au tatu hukonda, hupoa na hukosa nguvu ya kupambana na ugonjwa. Utumbo nao huhitaji maziwa ili ujirekebishe.

Akina mama wanaopeleka watoto zahanati wanalijua jambo hili: mtoto anayeharisha huendelea kunyonyeshwa. Kwa ndama ni vivyo hivyo. Akikataa maziwa kabisa kwa mlo mmoja, asilazimishwe. Apewe mchanganyiko, kisha maziwa yajaribiwe tena mlo unaofuata.

Kunywesha bila kumdhuru

Ndama anyweshwe kwa chupa yenye chuchu akiwa amesimama, au amelala kwa kifua huku kichwa kimeinuliwa kiasi, si kuelekezwa juu. Maji yawe na ujoto unaolingana na wa mwili. Yakidondoshwa kwenye kifundo cha mkono yasihisike baridi wala kuchoma.

Asimwagiwe maji kooni kwa chupa ya soda. Ndama dhaifu hawezi kumeza haraka, na maji huingia mapafuni. Anaweza kuonekana amekunywa vizuri, kisha akafa kwa nimonia siku chache baadaye. Ndama asiyenyonya hupewa kwa mpira maalumu unaofika tumboni, na kazi hiyo hufanywa na mtu aliyefundishwa.

Joto nalo ni sehemu ya matibabu. Ndama mzima huwa na nyuzijoto 38.5 hadi 39.5. Chini ya 38 anahitaji kupashwa joto: apanguswe hadi akauke, alazwe kwenye nyasi kavu nyingi, afunikwe kwa gunia au blanketi, na chupa za maji moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kando yake. Jiko la makaa lisiwekwe ndani ya kibanda kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake yenye sumu huua wanyama na watu.

Kuhusu sindano na vidonge

Dawa za kuua bakteria haziui virusi wala kriptosporidia. Mfugaji anayemchoma ndama sindano ya kukisia huenda anatumia pesa kwa dawa isiyogusa ugonjwa, huku ndama akizidi kukauka. Vidonge vinavyomezeshwa ovyo vinaweza pia kuvuruga bakteria wazuri wa tumboni, na matumizi ya ovyo hufundisha bakteria kuzoea dawa, hadi siku inapohitajika kwa kweli haifanyi kazi.

Kuna ndama wanaohitaji dawa hizo: wenye homa, wenye damu kwenye kinyesi, na walioishiwa nguvu kabisa. Uamuzi huo ni wa mtaalamu. Chini ya sheria ya mwaka wa 2011, wanaoruhusiwa kutoa huduma za tiba ya mifugo nchini ni waliosajiliwa na bodi ya taaluma hiyo, KVB. Mfugaji ana haki ya kuuliza anayekuja na mkoba wa dawa kama amesajiliwa.

Wakati wa kuita msaada bila kungoja

Mtaalamu aitwe mara moja ndama akionyesha lolote kati ya haya:

- hawezi kusimama au hanyonyi kidole;
- mdomo na miguu ni baridi;
- kinyesi kina damu;
- ana homa ya zaidi ya nyuzijoto 39.5;
- ana umri wa chini ya siku nne;
- amepewa mchanganyiko kwa siku nzima na hana nafuu.

Tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega, pamoja na homa na kuhema, ni dalili za ndigana kali inayoletwa na kupe. Ugonjwa huo una dawa yake, na maji ya chumvi na glukosi hayauponyi. Kuchelewa siku moja kunaweza kugharimu uhai.

Wakati wa kusubiri, ndama anayeweza kumeza aendelee kunyweshwa. Mtaalamu akifika aelezwe umri wa ndama, saa kuharisha kulipoanza, alichokunywa na dawa yoyote aliyopewa.

Kinga huanza saa ya kuzaliwa

Ndama huzaliwa bila kinga kutoka kwa mamake, kwa kuwa kinga hiyo haipiti kwenye kondo la nyuma. Huipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza. Utumbo wake huipokea vizuri zaidi katika saa sita za kwanza, na baada ya saa 24 mlango huo hufungwa. Ndama wa kilo 40 anapaswa kunywa lita 4 za dang'a ndani ya siku hiyo ya kwanza: angalau lita 2 katika saa mbili za mwanzo, na nyingine 2 kabla ya saa kumi na mbili kupita tangu azaliwe. Dang'a inayomwagwa kwa kuonekana chafu au nzito ni chanjo inayomwagwa.

Mengine ni usafi. Kitovu kipakwe tinkcha ya aidini mara tu baada ya kuzaliwa. Kibanda cha ndama kiwe kikavu, kiinuliwe kutoka kwenye matope, na nyasi za kulalia zibadilishwe. Ndoo na chuchu zioshwe kwa maji moto na sabuni kila baada ya kutumiwa. Ndama anayeharisha atengwe, na ahudumiwe mwisho, baada ya walio wazima.

Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto. Kriptosporidia, salmonela na aina kadhaa za E. coli huwapata binadamu pia, na watoto wadogo huumia zaidi. Wasiachwe wacheze kwenye kibanda cha ndama mgonjwa.

Vitu vya kuwekwa tayari

Kuharisha huanza mara nyingi usiku au wikendi, maduka yakiwa yamefungwa. Boma lenye ng'ombe mwenye mimba linapaswa kuwa na pakiti mbili au tatu za madini ya ndama au glukosi na bikaboneti ya soda, chupa yenye chuchu, kipimajoto, tinkcha ya aidini, na nambari ya simu ya afisa wa mifugo wa wadi iliyoandikwa mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kuiona.

Wafugaji wanaotaka kuonyeshwa jinsi ya kupima ngozi, kukoroga mchanganyiko na kunywesha kwa chuchu wanaweza kufika katika afisi ya mifugo ya wadi yao. Ni vyema kujifunza kabla ya ng'ombe kuzaa. Ndama akishalala chini, saa za kujifunza huwa zimepita.